Sauti Nene: Kuunda Boksi la Besi la Kusaidia Spika za Honi

Somo la ufundi kwa watu wazima, kama lilivyosomwa redioni. Kikundi kilisome pamoja, kwa sauti, kabla ya mtu kushika msumeno.

Leo yafaa uwe na kalamu, karatasi na futi ya kupimia, maana ziko hesabu chache ambazo hutaweza kuzikumbuka zote kwa kusikia mara moja.

Tutazungumza juu ya sauti nene. Unazijua zile spika za zamani za honi, za bati, zenye mdomo mpana kama ua la boga. Nyingine zilifungwa juu ya kanisa au msikiti, nyingine juu ya gari la matangazo, nyingine zilitundikwa mtini siku za mikutano. Ni vyombo imara. Mvua haivisumbui sana, na sauti yake yafika mbali kwa umeme mdogo. Lakini jaribu kupiga kanda ya litungu ndani ya honi hiyo, utaona ajabu. Nyuzi nyembamba zasikika wazi, tena kali, bali nyuzi nene ni kama hazipo.

Litungu, ambalo Wakuria huliita iritungu, lina nyuzi nane na tumbo kubwa lililowambwa ngozi. Sifa yake kubwa ni ile sauti ya chini, inayonguruma na kuushika wimbo wote kama nguzo inavyoshika paa. Ukiondoa sauti hiyo, litungu limegeuka kuwa chombo kingine. Ndiyo sababu somo hili si la anasa. Mzee mpigaji akifariki, mara nyingi kinachobaki ni kanda tu. Kijana atakayejifunza kwa kusikiliza kanda atajifunza kile anachokisikia. Kama nyuzi za chini hazisikiki, atajifunza nusu ya wimbo, naye atadhani ndio wote.

Basi shabaha yetu leo ni kuunda boksi la besi, ambalo madukani huitwa sabufa, litakaloirudishia honi sauti iliyopungua. Hatutafuti kutingisha madirisha ya jirani. Lishike neno hili tangu mwanzo: sauti nene haiji kwa kuongeza kelele, huja kwa kupima.

KWA NINI HONI HAINA SAUTI NENE

Sauti ni mtetemo wa hewa. Uzi mwembamba hutetema mara nyingi kwa sekunde moja, na uzi mnene hutetema mara chache. Mitetemo hiyo huhesabiwa kwa sekunde, na kwenye vyombo huandikwa kwa alama ya Hz. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, mathalani, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia kiasi cha mitetemo 85 na kufika 180.

Katika hewa ya kawaida sauti husafiri mita 344 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo mtetemo wa mara 344 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa mita 1. Mtetemo wa mara 40 una wimbi lenye urefu wa mita 8 na nusu na zaidi kidogo, yaani urefu wa nyumba nzima! Sasa utazame mdomo wa honi yako. Wimbi la mita 8 litatokaje katika mdomo wa sentimita 40? Halitoki. Hurudi ndani, na kinachofika masikioni ni mabaki tu.

Waliotengeneza honi hawakuwa wajinga. Katika miaka ya 1920 na 1930, vikuza sauti vilitoa wati chache tu, na kwa wati hizo jumba zima la sinema lilipaswa kusikia. Honi huishika hewa vizuri, kama kasia pana linavyoyashika maji, hata nguvu kidogo ikafanya kazi kubwa. Wamarekani Chester Rice na Edward Kellogg walieleza spika ya koili na karatasi mwaka 1925, na spika hiyo ndiyo mama wa spika nyingi tunazotumia hata leo. Spika hiyo yaweza kutoa sauti nene zaidi, lakini hula umeme zaidi. Kila chombo kina kazi yake, nasi leo tutavipatanisha viwili.

TAFUTA MWISHO WA HONI YAKO

Kabla ya kununua chochote, pima upana wa mdomo wa honi, kutoka ukingo hata ukingo, kwa mita. Zidisha kwa 3.14, upate mzunguko wake. Kisha gawanya 344 kwa mzunguko huo. Jibu ni kadirio la mtetemo ambao chini yake honi huanza kushindwa.

Tuchukue mfano. Honi ya sentimita 40 ina mzunguko wa mita 1.26. Gawanya 344 kwa 1.26, utapata 273 hivi. Honi ya sentimita 60 itakupa 183, na ya sentimita 30 itakupa 365. Haya ni makadirio, maana umbo la honi na urefu wa njia yake ya ndani navyo vina sehemu yake, lakini yatosha kutuongoza.

Hapo waona kwa nini sabufa ya dukani haiponyi ugonjwa huu. Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi mpaka mitetemo 120 au 150 tu. Honi yako imeacha kazi kwenye 273. Katikati pana shimo, na ndani ya shimo hilo imeangukia sehemu kubwa ya kifua cha sauti ya mwanamume, pamoja na nyuzi za katikati za litungu. Utasikia ngurumo chini na kelele juu, na mwimbaji mwenyewe hayupo. Kwa hiyo boksi letu lazima lipande mpaka kuikuta honi. Kwa honi ya sentimita 40, tutaweka mahali pa kupokezana kwenye mitetemo 300.

SOMO LA KIBUYU

Chukua kibuyu kitupu au chupa. Puliza juu ya mdomo wake, ukipitisha pumzi ukingoni. Kitalia sauti moja nene. Tia maji kidogo, upulize tena. Sauti imepanda, kwa sababu nafasi ya hewa imepungua. Hewa iliyo shingoni ni kama jiwe dogo, na hewa iliyo tumboni ni kama springi. Vikisukumana hutetema kwa mwendo wao maalumu. Mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, aliichunguza sana kanuni hii katika karne ya 19, na mpaka leo yaitwa kwa jina lake.

Boksi letu ni kibuyu cha mbao. Tumbo ni boksi lenyewe, na shingo ni kipande cha bomba. Spika inapokwenda mbele na nyuma, sauti ya nyuma yake haipotei bure; huiamsha hewa ya bombani, nayo ikaongeza sauti nene mbele. Uvumbuzi wa boksi la namna hii ulipewa hataza Marekani mwaka 1932, kwa jina la A. L. Thuras wa maabara za Bell. Kumbuka mambo mawili: boksi likiwa kubwa zaidi, sauti hushuka, bomba likiwa refu zaidi, sauti hushuka pia.

VIFAA

Kwanza, spika moja ya inchi 12, ya omu 8, inayoweza kupokea wati 100 au zaidi. Isiwe ile inayouzwa kwa ngurumo ya gari peke yake, maana nyingi za aina hiyo haziwezi kupanda vizuri hata mitetemo 300. Ikiwa ina karatasi ya vipimo, tafuta nambari mbili. Fs, yaani mtetemo wake wa asili, iwe kati ya 30 na 45. Qts iwe kati ya 0.3 na 0.4. Vipimo hivi twavitumia kwa sababu ya kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyoichapisha mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza katika miaka ya 1970. Kabla yao mafundi wengi walikuwa wakibahatisha. Kama Qts inazidi 0.5, au spika haina karatasi kabisa, liunde boksi hili hili, lakini usitoboe tundu la bomba. Boksi lililofungwa husamehe makosa mengi, ingawa sauti yake ya chini kabisa hupungua kidogo.

Pili, karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4. Yatosha boksi moja na kubaki. Tatu, kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, lenye upana wa ndani wa sentimita 10, urefu wa sentimita 16. Nne, gundi ya mbao, skrubu, msasa, na tyubu kuukuu ya baiskeli. Tano, blanketi kuukuu au sufi. Vyombo vya umeme tutavitaja mahali pake.

KUKATA NA KUUNGA

Boksi letu lina nafasi ya ndani ya kimo cha sentimita 50, upana 40 na kina 44. Zidisha zote: utapata lita 88. Spika yenyewe, bomba na mbao za kukazia zitakula lita 8 hivi, zibaki lita 80 za hewa.

Kata vipande sita, hivi:
Uso na mgongo: vipande 2, sentimita 53.6 kwa 43.6.
Mbavu: vipande 2, sentimita 53.6 kwa 44.
Kifuniko na kitako: vipande 2, sentimita 40 kwa 44.

Mbavu husimama kati ya uso na mgongo. Kifuniko na kitako huingia kati ya mbavu. Kama huna msumeno wa mashine, mpelekee seremala akukatie vipande hivi tu, na kazi nyingine uifanye nyumbani. Kingo zikiwa si sawa, gundi haitaziba pengo, na boksi linalovuja ni kama kibuyu chenye ufa.

Kata tundu la spika katika uso kwa kufuata kipimo cha spika yako. Kwa inchi 12 huwa karibu na sentimita 28. Chini yake kata tundu la bomba. Mwisho wa ndani wa bomba usikaribie ukuta wowote kwa chini ya sentimita 10, ili hewa ipite bila kuzuiwa.

Paka gundi kila ungo, kaza skrubu kila sentimita 12 hivi, ufute gundi inayotoka. Ndani, unga mbao mbili za kukazia, moja kutoka ubavu hata ubavu, nyingine kutoka uso hata mgongo, mahali ambapo hazitagusa spika. Gundi ikikauka kwa siku nzima, gonga kila upande kwa kifundo cha kidole. Likijibu kwa sauti fupi, kama mlango mzito, umefaulu. Likilia kama debe, ongeza mbao ya kukazia. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Na boksi linalovuma litaongeza sauti ambayo mpigaji hakuipiga.

Tandika blanketi au sufi katika kuta tatu za ndani, lakini usiuzibe mdomo wa bomba. Tundu la waya lizibwe kwa gundi. Kata tyubu ya baiskeli iwe utepe, uuweke chini ya ukingo wa spika ndipo ukaze skrubu. Bomba usiligandishe bado. Lipachike tu kwa utepe wa tyubu ili uweze kulitoa.

KULINGANISHA BOMBA

Sasa twafika moyo wa somo. Mpiga litungu hawezi kuanza wimbo kabla ya kukaza nyuzi zake, nawe usianze kusikiliza muziki kabla ya kulinganisha boksi.

Kwa hewa ya lita 80 na bomba la upana wa sentimita 10, hesabu yasema hivi: bomba la sentimita 16 litaliweka boksi karibu na mitetemo 35 au 36; bomba la sentimita 11 litalipandisha mpaka 40. Sisi twataka 40, kwa kuwa chini ya hapo muziki wetu una machache. Lakini hesabu haijui kama lita zako zimepungua au zimezidi. Ndiyo sababu twaanza na bomba refu na kulipunguza kidogo kidogo. Plastiki iliyokatwa hairudi, na haraka haraka haina baraka.

Laza boksi chali, spika itazame juu. Unganisha na amplifaya. Katika simu tafuta programu ya kutoa toni, ambayo hukuwezesha kuchagua mtetemo kwa nambari. Weka sauti ndogo. Chukua punje chache za ulezi, uzitie juu ya karatasi ya spika. Shika kipande chepesi cha karatasi juu ya mdomo wa bomba.

Anza na mitetemo 70, ushuke polepole: 65, 60, 55, 50. Utaona ulezi ukizidi kuruka. Endelea kushuka. Mahali fulani ulezi utatulia, karibu usiruke kabisa, na papo hapo karatasi iliyo juu ya bomba itapeperushwa kwa nguvu kuliko wakati wote. Hapo ndipo boksi lako lilipolingana. Spika imetulia kwa sababu hewa ya bomba imeipokea kazi. Andika nambari hiyo. Ukishuka zaidi, ulezi utaruka tena kwa nguvu, kwa kuwa sasa spika haina kitu cha kuishikilia. Usikae huko, wala usiongeze sauti, maana spika nyingi zimekufa mahali hapo.

Kama nambari ni 36, toa bomba, kata sentimita 1, rudisha, pima tena. Rudia mpaka ufike 40. Ukifika 39 au 41, acha. Tofauti hiyo sikio halitaijua. Ndipo uligandishe bomba kwa gundi. Kisha lisimamishe boksi, piga toni ya 40, na upitishe mkono uliolowa maji kandokando ya maungo yote. Ukisikia ubaridi wa upepo mahali, paka gundi hapo.

KUUNGANISHA NA HONI

Kila spika ipate amplifaya yake, au upande wake wa amplifaya, wenye kitufe chake cha sauti. Sababu ni hii: honi nyingi, kwa wati 1, hutoa kiasi cha desibeli 105 katika mita 1. Spika ya karatasi hutoa karibu na 90. Tofauti ya desibeli 15 maana yake ni nguvu mara 30 na zaidi. Ndiyo kusema, honi ikila wati 1, boksi litataka wati 30 ili waende sawa. Usishangae, basi, kuona kitufe cha boksi kiko juu na cha honi kiko chini kabisa.

Kwenye waya wa honi weka kapasita. Huzuia sauti nene zisiingie ndani ya honi, ambako hazina faida ila kuipasua ngozi yake. Kwa honi ya omu 8 na mahali pa kupokezana pa mitetemo 300, yatakiwa mikrofaradi 68 hivi. Kwa honi ya omu 16, mikrofaradi 33. Iwe ya volti 100, na isiwe na upande wa chanya na hasi. Ukikosa, chukua mbili zilizo sawa zenye pande hizo, uziunge hasi kwa hasi, na zitafanya kazi kama moja ya nusu ya kipimo: mbili za 150 ni sawa na moja ya 75, ambayo yafaa kwa honi ya omu 8. Kwenye waya wa boksi weka koili ya milihenri 4.2, ambayo huzuia sauti nyembamba.

Zingatia hili: honi nyingine za zamani zina transfoma ndani, na kibao chake husema volti 70 au 100. Hizo zina hesabu nyingine. Mpelekee fundi wa redio akuonyeshe jinsi ya kuifikia spika yenyewe. Na kama watumia betri ya gari, tia fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na nguzo ya chanya, na uzime kila kitu kabla ya kugusa waya.

Sasa mahali pa kuviweka. Kwenye mitetemo 300 wimbi lina urefu wa mita 1 na sentimita 15 hivi. Honi ikiwa juu ya mti na boksi liko chini, msikilizaji atasikia watu wawili wanaoitikiana bila kupatana. Shusha honi, uiweke juu ya boksi, midomo yao ikitazama upande mmoja, isizidi sentimita 40 kutoka spika hata honi. Nje uwanjani, lisogeze boksi karibu na ukuta wa nyumba, kwa maana uwanja mtupu huimeza sauti nene. Ndani ya chumba, pembe itaiongeza, wakati mwingine kupita kiasi.

Jaribio la mwisho la waya: piga toni ya 300, vyote viwili vikilia. Mwenzako abadilishe nyaya mbili za boksi, ya chanya iende kwa hasi. Sikiliza mara zote mbili. Ile yenye sauti kubwa zaidi ndiyo sahihi. Katika ile nyingine, honi na boksi vyashindana, mmoja akivuta hewa wakati mwingine anasukuma.

KUSIKILIZA

Usianze na muziki. Mwombe mwanamume asome taarifa, umrekodi kwa simu, kisha upige sauti yake. Boksi likiwa limezimwa, atasikika kama anazungumza puani. Fungua boksi polepole, mpaka apate kifua chake. Simama hapo. Ukiongeza zaidi atakuwa kama anazungumza ndani ya pipa.

Ndipo upige kanda ya litungu. Kaa umbali wa mita nne au tano, ufumbe macho, ujiulize: uzi mnene watoka wapi? Kama waonekana watoka chini katika boksi, punguza. Ukiwa sawa, uzi mnene na uzi mwembamba vitatoka mahali pamoja, katika chombo kimoja, kilichoshikwa na mtu mmoja. Boksi jema halijitangazi. Ulijue kwa kulizima: hapo ndipo watu watauliza kimeondoka nini.

Tena, kama yuko jirani yako mzee anayelijua litungu, mwite. Usimwulize kama sauti ni kubwa au tamu. Mwulize: nyuzi zote nane zipo? Mita ya fundi haina jibu hilo, naye analo.

Neno moja juu ya ujirani. Sauti ya honi huzuiwa na ukuta na mlango. Sauti nene hupita ukutani kama vile ukuta haupo, na mgonjwa au mtoto aliyelala ataisikia kabla yako. Usiku, punguza boksi kwanza, ndipo honi.

MAMBO YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Pimeni mdomo wa honi mliyo nayo. Mwisho wake uko kwenye mitetemo mingapi? Mahali pa kupokezana pawe wapi?
2. Ukipunguza boksi likawa lita 60, na bomba likabaki lile lile, sauti itapanda au itashuka? Thibitisheni kwa kibuyu na maji.
3. Kwa nini honi yataka wati 1 mahali ambapo boksi lataka 30?
4. Nani katika kijiji chenu ana kanda za litungu au za nyimbo za wazee? Zimehifadhiwa wapi, na zina vumbi kiasi gani?

Swali hili la nne msilipite upesi. Tangu mwaka 1951, ilipoanza Sauti ya Dar es Salaam, na baadaye Redio Tanzania, redio imekusanya muziki mwingi wa nchi hii. Lakini zipo kanda ambazo hazikufika redioni kamwe, nazo zimekaa sandukuni kwa watu. Kanda huliwa na joto na unyevu. Boksi la besi laweza kuundwa mwaka huu au mwaka ujao, lakini kanda iliyooza haitengenezwi na fundi yeyote. Kwa hiyo, wiki hii, kabla hamjanunua plaiwudi, zitafuteni kanda hizo, mziandike majina ya wapigaji na mahali walipopigia, mziweke pakavu. Wenye simu nzuri wazinakili.

Wiki ijayo tutajifunza namna ya kusafisha kichwa cha mashine ya kaseti kwa spiriti na pamba. Haya, mabibi na mabwana, kazi njema. Kwaherini.